Somo la Mwezi: Tembea Barabara Yako Wakati wa Kipupwe

Mwezi wa Julai katika Mwingi ni mwezi wa koti na moto wa jikoni. Asubuhi mawingu hukaa chini juu ya vilima vya Mumoni na Nuu, jua huchelewa kutoka, na upepo una ubaridi. Ndengu, kunde na mtama vimekwisha kuingia ghalani. Mto hauna maji juu yake. Ukiutazama waona mchanga mtupu na nyayo za mbuzi. Ni rahisi mtu kufikiri kwamba mafuriko ni habari iliyopita.

Lakini barabara bado ina alama zake. Pale ilipoliwa na maji ingali imeliwa, na pale ilipokatika ingali imekatika. Mvua ya vuli, yaani ile ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo mvua tunayoitegemea zaidi katika Ukambani, na ndiyo hiyo hiyo ivunjayo barabara. Basi tangu sasa mpaka Oktoba unayo miezi mitatu. Somo hili litakuonyesha namna ya kutumia asubuhi moja ya baridi kuitembea barabara yako, kuyasoma yale maji yaliyoyaandika, na kujua kazi gani ifanywe kabla mawingu meusi hayajarudi.

Jambo kubwa tunalotaka ulishike ni hili: mara nyingi barabara iliyo kando ya mto haivunjwi na mto peke yake. Huvunjwa na maji yaliyotoka juu, katika mashamba na malisho, yakateremka bila mtu kuyazuia. Mto humaliza tu kazi iliyoanzwa mlimani. Kwa hiyo mkulima anao uwezo mkubwa kuliko anavyodhani.

KWA NINI WAKATI WA BARIDI?

Kuna sababu tatu. Ya kwanza, majani yamekauka na kulala, na alama za maji zaonekana wazi. Ya pili, ardhi imekauka. Waweza kushuka hata katikati ya korongo bila kuzama katika tope. Ya tatu, kazi ya jembe na sururu ni nyepesi zaidi wakati jua si kali.

Chukua fimbo ndefu, kamba ya mita 10, panga, na daftari au simu ya kupigia picha. Tena umwombe mzee mmoja wa kijijini afuatane nawe. Mzee akumbukaye mvua ya 1961 na ile ya 1997 hadi 1998 atakuambia barabara ilipita wapi zamani na mto ulikuwa na upana gani. Ninyi vijana mmeziona zile za mwisho wa 2023, na za masika ya 2024, zilizoleta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya. Mkiunganisha kumbukumbu zenu, mtakuwa na kitabu kizima.

Shika njia yoyote ya udongo au ya murram iteremkayo kutoka mlimani kwenda Tyaa, au Enziu, au Tana yenyewe. Usianzie mtoni. Anzia juu.

JUU: PENYE MIBUYU

Huku juu, penye ukavu na mawe, utaikuta mibuyu, ile ambayo Wakamba huiita miamba. Wakati huu wa baridi haina majani, imesimama mitupu, na pengine mizinga ya nyuki imening'inia katika matawi yake. Mti huu waweza kuwa na urefu wa mita 20 na zaidi, na kiuno ambacho watu wengi wakishikana mikono hawakizunguki. Mibuyu mingine ya kusini mwa Afrika imepimwa na wataalamu ikaonekana kuwa na zaidi ya miaka 1,000. Kwa hiyo mti ulio mbele yako pengine uliota kabla babu ya babu yako hajazaliwa.

Simama, uitazame miguu ya mti huo. Je, mizizi imefunikwa na udongo, au imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee? Kama imetoka nje, weka fimbo yako chini, upime toka ardhi ya sasa hadi pale shina lilipoanzia zamani. Ukipata sentimita 30, basi udongo wa kimo hicho umekwisha kuondoka mahali pale tangu mti ulipoota. Mti wowote mkubwa na wa zamani ni kipimo kizuri cha namna hii. Haukuhama, ardhi ndiyo iliyohama.

Sasa jiulize: udongo huo ulikwenda wapi? Sehemu iko mtoni, imekuwa mchanga na tope. Sehemu ilipita juu ya barabara hii hii, ikasugua kama msasa.

Tazama pande zote. Ukiona ardhi nyekundu iliyo tupu, njia za ng'ombe zilizochimbika, au visiki vya miti iliyokatwa kwa mkaa, andika katika daftari. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya mkaa na kusafirisha mchanga nje ya kaunti, kwa sababu ya uharibifu ulioonekana. Amri yaweza kusimamisha lori, lakini haiwezi kusimamisha tone la mvua. Tone huzuiwa na majani, mizizi na matuta.

KATIKATI: HESABU YA MAJI YA BARABARA

Sasa teremka. Tutafanya hesabu kidogo. Mtoto wa shule aweza kukusaidia.

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, ni lita 1 ya maji. Chukua barabara yenye urefu wa kilomita 1 na upana wa mita 6. Eneo lake ni mita za mraba 6,000. Mvua kubwa ya alasiri moja yaweza kuleta milimita 40. Basi barabara hiyo imepokea lita 240,000. Pipa moja la kawaida huchukua lita 200. Ni kusema barabara yako imepokea mapipa 1,200 ya maji kwa alasiri moja, na kwa kuwa imeshindiliwa na magurudumu, maji machache sana huingia ardhini.

Hayo ni maji ya barabara peke yake. Ekari 1 ya shamba hupokea lita 160,000 hivi katika mvua ile ile. Shamba lenye matuta na majani hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Shamba tupu lililolimwa kufuata mteremko huyamwaga barabarani.

Na jambo lingine la kukumbuka: maji yakienda kwa mwendo mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne hivi. Ndiyo maana mfereji mdogo ulio juu hauna madhara, lakini ukiachwa uteremke mita 300 bila njia ya kutokea, huko chini huwa korongo la kumeza mkokoteni na punda wake.

Tembea pole pole ukitafuta alama hizi:

Kwanza, mfereji wa kando uliochimbika kwenda chini. Maana yake maji ni mengi mno na hayana pa kutokea.

Pili, mifereji midogo iliyokata katikati ya barabara. Maana yake barabara imepoteza mgongo wake. Barabara njema huinuka katikati kama mgongo wa punda, maji yamwagike pande mbili.

Tatu, kalvati, yaani lile bomba la saruji lipitalo chini ya barabara, limezibwa na mchanga na matawi. Maji yakikosa mlango hupanda juu ya barabara na kuikata.

Nne, mahali ambapo njia ya ng'ombe au mtaro wa shamba la mtu unaingia barabarani. Usimwendee jirani kwa hasira. Mwonyeshe tu, kwani pengine hajapata kuona mwisho wa maji yake.

CHINI: PENYE MIKUYU

Tukifika bondeni, hewa hubadilika. Hapa pana ukanda wa msitu wa mtoni: migunga mirefu, mikwaju, na mikuyu mikubwa ambayo Wakamba nao huiita mikuyu. Mchana wote wa kipupwe kivuli chake ni cha baridi hasa. Mkuyu waweza kufika mita 25, na matawi yake hufunika uwanja mzima. Katika Ukambani mikuyu mingi ilihifadhiwa tangu zamani kwa kuwa ilikuwa mathembo, mahali pa sala na sadaka, na hapana mtu aliyethubutu kutia shoka. Desturi hiyo, wapende wasipende wa siku hizi, iliziokoa kingo nyingi za mito.

Tazama juu katika matawi. Utaona takataka, mabua ya mahindi, vipande vya kamba na vitambaa vimenasa. Hicho ndicho kimo cha maji ya mafuriko. Pima kwa fimbo toka chini hadi hapo, ukaandike. Watu wengi hushangaa wanapoona kwamba mahali wanapoketi kula embe palikuwa na maji yapitayo vichwa vyao.

Kisha tazama kona za mto. Maji yakigeuka konani hukimbia zaidi upande wa nje, na huko huila ardhi. Upande wa ndani huenda pole pole, na huko hulaza mchanga. Basi barabara iliyojengwa upande wa nje wa kona iko katika hatari kila mwaka, na ile iliyo upande wa ndani hufunikwa mchanga lakini haikatwi upesi.

Sasa linganisha. Tafuta mahali ambapo mkuyu au mgunga mkubwa umesimama ukingoni, na mahali ambapo miti imekatwa ili mtu alime hadi mdomoni mwa mto. Mara nyingi utaona kwamba penye mti, mizizi imeushika udongo kama vidole, na ukingo umesimama. Palipokatwa, ukingo umeporomoka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa, na barabara iliyo nyuma yake imebaki na upana wa baiskeli. Hatusemi kwamba mti mmoja waweza kuushinda mto. Hata miti mikubwa huanguka maji yakiichimba chini. Lakini safu ya miti na majani marefu ukingoni hupunguza mwendo wa maji, na mwendo ukipungua, nguvu ya maji hupungua zaidi.

Kwa sababu hiyo sheria inataka ukanda wa kando ya mto uachwe bila kulimwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliutaja upana wa mita 6 hadi mita 30 kila upande, kutoka kimo cha juu cha mafuriko yajulikanayo. Wewe uliyeyaona yale matakataka juu ya mti sasa unajua kimo hicho ni kipi.

MCHANGA SI TAKATAKA

Kabla ya kuondoka mtoni, fukua mchanga kidogo kwa mikono. Kina mama wa Mwingi wanajua: hata Agosti, ukichimba katika mchanga, maji hutokea. Mchanga mkubwa waweza kushika maji ya robo ya ujazo wake na zaidi, nao huyafunika jua lisiyanywe.

Ndiyo sababu ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa saruji na mawe hujengwa kukata mto mahali penye mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani yake. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya namna hii katika Kitui. Miti ya kando ya mahali hapo hupata maji muda mrefu zaidi, na ukingo hupata nguvu. Tena kivuko cha saruji cha barabara, kikijengwa na fundi ajuaye, chaweza kufanya kazi mbili: kupitisha magari juu, na kuzuia mchanga wenye maji upande wa juu.

Lakini mchanga ukichotwa karibu na kivuko au daraja, kitanda cha mto hushuka, msingi hubaki hewani, na mafuriko ya kwanza huubomoa. Makueni walitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 kwa kuona hatari kama hizo. Ukiona lori likipakia mchanga hatua chache toka kivuko chenu, mwambie chifu siku ile ile. Pesa za lori moja hazitoshi kununua hata mifuko ya saruji ya kutengeneza kivuko kilichoanguka.

KIVUKONI: ONYO KWA KILA MTU

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba watu wakienda arusini Nuu lilijaribu kuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika. Maji yalilichukua. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao wanakwaya. Hapana familia katika Mwingi isiyokumbuka siku hiyo. Tunaitaja hapa ili kila mmoja wetu ajifunze, kwa kuwa vuli itarudi na vivuko vyetu ni vingi.

Kumbuka mambo haya manne, uwafundishe na watoto:

1. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu. Kimo cha sentimita 30 chaweza kuieleza gari ndogo, na sentimita 60 zaweza kuchukua magari mengi, hata makubwa kidogo.

2. Maji ya mafuriko ni ya rangi ya udongo. Huwezi kuona kama barabara iliyo chini yake ingalipo au imekwisha kukatika.

3. Mbingu ikiwa safi hapo ulipo, mvua yaweza kuwa imenyesha mlimani. Mto wa mchanga hupanda ghafula, pengine kwa dakika chache.

4. Mto wa mchanga hushuka upesi vile vile. Anayengoja saa chache, au akilala kijijini usiku mmoja, atavuka kesho. Dereva akishikilia kuvuka, abiria wana haki ya kushuka, nao washuke.

Kazi ndogo ambayo kijiji chaweza kuomba ofisi ya barabara, au kuifanya kwa idhini yake, ni kusimamisha nguzo imara kila upande wa kivuko, iliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu kila sentimita 10, ili kila mtu aone kimo cha maji kabla ya kuingia.

KAZI YA MIEZI MITATU

Sasa umerudi nyumbani na daftari lako limejaa. Kazi ianze wapi? Ianze pale pale ulipoanzia matembezi: juu. Anayeziba korongo toka chini hufanya kazi bure, maana maji yangali yakija kwa nguvu ile ile.

Julai: tengeneza kipimo na upime mashamba ya juu. Chukua fito mbili zilizo sawa, za mita 2 kila moja, uzifunge juu zikutane, na uzitanue miguu chini. Funga fito ya tatu kati yake, upate umbo la herufi A. Toka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha chombo mahali, weka alama uzi unapogusa fito ya kati. Kisha kigeuze, mguu wa kulia uende wa kushoto, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa waweza kutembea nacho shambani ukipata mstari usiopanda wala kushuka. Katika mstari huo chimba mtaro wa fanya-juu: upana sentimita 60, kina sentimita 60, udongo ukitupwa upande wa juu. Juu ya tuta panda nyasi za makarikari au za napia. Kwa miaka michache tuta litasawazisha shamba lenyewe, na maji yako yatakaa kwako.

Agosti: fanya kazi ya kando ya barabara. Zibua kalvati. Kisha, kwa ruhusa ya wenye mashamba na ya ofisi ya barabara, chimba mitaro ya kuchepusha maji kutoka mfereji wa kando kwenda shambani. Ni bora mitaro mingi midogo kuliko mmoja mkubwa. Penye mteremko mkali au udongo laini, iwe kila hatua 20 hadi 30. Maji yale mapipa 1,200 yakigawanywa mara 30 ni mapipa 40 tu kila mahali. Hayo ni maji ya kumwagilia miembe, au kujaza shimo la maji, wala hayawezi kuchimba korongo. Katika Kitui na Makueni wapo wakulima wanaovuna maji ya barabara namna hii, na mahindi yao hukaa mabichi baada ya ya jirani kukauka.

Penye korongo lililokwisha kuchimbika, jenga vizuizi vya mawe, ukianza kichwani mwa korongo. Kila kizuizi kiingie ndani ya kuta za pande mbili, na katikati kiwe chini kuliko pembeni, maji yapite katikati. Ukijenga katikati juu, maji yatazunguka na kula kuta. Panda mkonge katika kingo.

Septemba: tayarisha miche na vijiti vya miti. Mkuyu huota kwa kijiti kinene kilichokatwa toka mti mkubwa, kikapandwa ukingoni mvua inapoanza. Shambani panda mukau. Mti huu wa Ukambani, ambao wataalamu wa utafiti wa misitu pale Kitui wameushughulikia kwa miaka mingi, hutoa mbao nzuri baada ya miaka 10 hadi 15 hivi. Mwenye mukau shambani hatatamani mkuyu wa mtoni.

Kazi ambazo si za jembe, kama kivuko kilichobomoka au daraja lililoinama, ziandikie barua ofisi ya barabara kupitia kwa chifu. Usiandike "barabara ni mbaya" tu. Taja mahali, upana wa palipokatika, kimo cha maji ulichopima katika mti, na kalvati ngapi zimeziba. Tia na picha. Barua yenye vipimo haiwekwi chini ya meza upesi.

KAZI YA MWETHYA

Pengine utasema, "Mimi ni mmoja, na barabara ni ndefu." Ni kweli. Lakini Ukambani ina mwethya, na mwethya haukuletwa na serikali.

Tukumbuke habari ya zamani. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona ardhi ya Machakos ikimomonyoka, ikalaumu ng'ombe, ikaanza kuwauza kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kupinga. Baadaye mitaro ya matuta ilichimbwa kwa kulazimishwa, na watu wakaichukia. Lakini vikundi vya mwethya vilipoichukua kazi hiyo kuwa yao wenyewe, na baada ya uhuru wakulima walipoona mazao, matuta yalienea mlima kwa mlima bila mtu kusimama na kiboko. Leo wageni hutoka mbali kuja kuyatazama.

Fundisho lake ni wazi. Mtaro uliochimbwa kwa kuogopa mtu huzibwa akiondoka. Mtaro uliochimbwa kwa kujua faida yake hutunzwa na watoto. Basi kusanyeni watu wa kijiji chini ya mti mkubwa, someni daftari lenu, mgawane: nyumba hii kalvati, nyumba ile mita 50 za mfereji. Asubuhi mbili kwa juma hadi mwisho wa Septemba zitafanya mengi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa barabara ni ghali kuliko wa nyumba. Mama mjamzito anayetakiwa kufika hospitali ya Mwingi usiku wa Novemba hawezi kungoja tingatinga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Je, katika barabara yetu maji huingia mahali pangapi kutoka mashambani, na mahali pangapi yana njia ya kutokea?

2. Miti mikubwa mingapi imebaki ukingoni mwa mto wetu, na nani amekubali kuilinda?

3. Mafuriko ya mwisho yalifika kimo gani kivukoni, na watoto wetu wamekwisha kuonyeshwa?

4. Kama barabara yako ni ya kilomita 2 na upana wa mita 5, mvua ya milimita 30 italeta mapipa mangapi ya lita 200? (Jibu: mapipa 1,500.)

5. Kazi ipi ya kwanza tutaifanya, siku gani, na kila nyumba italeta chombo gani?